Kompteri moja, jamaa tano

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama



Leo hatukuja kusema juu ya bendera. Tumekuja kusema juu ya maji, na zaidi juu ya ile karatasi inayokuja nyuma ya maji.

Wazee wa migodi wanakumbuka. Katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1906, nyumba na maji yalikuwa mambo ya kampuni. Serikali ilipochukua migodi mwaka wa 1967 na Gécamines ikazaliwa, desturi hiyo iliendelea miaka mingi. Lakini mtu wa mjini, wa Katuba au wa komini ya Kenya, akiwa na robine kwake, anajua faktire. Regideso yenyewe ni mzee: ilianzishwa mwaka wa 1939.

Sasa tazameni namna tunavyokaa. Lupango moja, milango mitano au sita, kila mlango jamaa yake. Robine ni moja katikati ya uwanja. Kompteri, ile saa inayohesabu maji, ni moja. Faktire ni moja, kwa jina la mwenye lupango. Katika nyumba nyingi za ghorofa ni vilevile, ila robine ziko ndani.

Ubaya uko wapi? Uko katika bei ya ngazi. Katika miji mingi, na katika inchi yetu pia, maji ya kwanza ya mwezi yana bei ndogo, na yanayofuata yana bei kubwa. Aliyefikiri hivyo hakuwa na roho mbaya. Alisema: maskini hutumia kidogo, basi apate kwa bei ndogo, tajiri anayenywesha bustani yake alipe zaidi. Ni vizuri. Lakini alihesabu kompteri, hakuhesabu watu.

Kazi yetu ni hesabu, basi tuhesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme metre cube kumi za kwanza ni franka 100 kila moja, na zinazozidi ni franka 200. Metre cube moja ni litri 1.000, yaani bidoni 50 za litri 20. Bwana mmoja anakaa peke yake na jamaa yake, ana kompteri yake, anatumia metre cube kumi: analipa franka 1.000. Katika lupango jirani ziko jamaa tano, na kila moja inatumia kumi vilevile, si zaidi. Kompteri inaonyesha hamsini. Kumi za kwanza, franka 1.000. Arobaini zinazobaki, franka 8.000. Jumla 9.000. Wagawanye kwa watano: kila jamaa franka 1.800.

Maji ni yale yale. Bomba ni lile lile. Anayekaa chumba kimoja na watoto sita analipa karibu mara mbili ya yule bwana! Bei iliyowekwa kumsaidia maskini inamsaidia mwenye lango na mbwa.

Wengine watatujibu: kila kompteri ina gharama yake, ya kuiweka, ya kuisoma, ya kuandika faktire, nyinyi watano mnaokoa gharama nne. Ni kweli, hatukatai. Basi andikeni gharama hiyo peke yake kwenye faktire, tuione, tuilipe. Msiifiche ndani ya bei ya maji.

Na ndani ya lupango, je? Huko nako kuna vita. Walokatere wanagawanya kwa mlango, na mjane anayekaa peke yake analipa sawa na jamaa ya watu tisa. Mama anayepika munkoyo ya kuuza anachota tangu alfajiri; wenzake wanahesabu bidoni zake kwa macho, na jioni ni matusi. Tena mmoja asipolipa, maji yanakatwa kwa wote, hata kwa aliyetoa franka zake siku ya kwanza. Sisi tunaona ni heri kugawanya kwa vichwa, na anayefanya biashara ya maji aongeze. Bomba likivuja chini ya ardhi, hilo ni la mwenye lupango, si la mpangaji. Na kama mfereji wa maji machafu wa mji haufiki kwenu, na shimo mlichimba wenyewe, msikubali kuandikiwa malipo ya mfereji.

Mwaka wa 1957 watu wa Élisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi mwaka wa 1966, walipiga kura ya komini mara ya kwanza. Wanaume tu, ndiyo, na hilo lilikuwa kosa lingine. Lakini kura zilihesabiwa kwa mtu, hazikuhesabiwa kwa lupango. Na Katiba ya mwaka wa 2006, katika artikli ya 48, inaweka haki ya kupata maji ya kunywa. Haikusema haki ya kompteri.

Tunaomba jambo moja: ngazi ya bei ndogo ihesabiwe kwa jamaa. Jamaa tano, kumi mara tano. Katika mfano wetu faktire ingekuwa franka 5.000, si 9.000.

Kila lupango ichague watu wawili, mmoja awe mwanamke, kwani wanawake ndio wanaochota. Wasome kompteri pamoja na msomaji anapokuja, waandike namba katika kaye. Waandike pia idadi ya jamaa na ya vichwa. Leteni kaye hiyo na faktire za miezi mitatu. Tutazinakili na kuzipeleka kwenye komini siku moja, zote pamoja.