Mitambo Inakuja, Nasi Tu Wapi?

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja wa kazi ya reli mbele ya wenzake, Nairobi)

Mimi si msemaji. Shule yangu ni ya misheni, nikaishia darasa la nane. Mengine nimefundishwa na reli.

Wengi mwaniuliza: je, mashine zitatumaliza? Nitajibu kwa habari za njia yetu wenyewe, hii itokayo stesheni ya mjini ikapita Kibera, Dagoretti na Kikuyu.

Babu yangu alikuwa mpiga moto katika injini za 59. Zilikuwa 34, zikaletwa toka Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja yapata tani 250, nazo zilipewa majina ya milima. Mbili zimo katika makumbusho ya reli hapa Nairobi, Mount Gelai na Mount Shengena. Nendeni na watoto mkazione. Injini ile ililisha watu wengi: mpiga moto, mwosha boila, mtu wa pampu ya maji. Dizeli kubwa zilipoanza kuja mwaka 1960 hazikuwataka hao. Lakini 59 hazikuisha mpaka mwaka 1980. Miaka ishirini! Mwenye macho alipata nafasi ya kujifunza. Babu alijifunza. Jirani yake alikataa, akisema dizeli haina sauti ya kiume, akamaliza kazi akifagia shedi.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule ule wa 1956, watu wa reli wakistaajabia injini zao, huko Marekani bwana mmoja wa malori, Malcom McLean, alipakia makontena 58 juu ya meli iitwayo Ideal X. Nani huku aliyejali? Lakini hilo ndilo lililomwondoa kuli. Gunia lataka migongo mingi. Kontena lataka kreni moja na mtu mmoja wa kuiendesha. Mwaka 1984 bohari ya makontena ikafunguliwa Embakasi. Mafuta nayo, tangu mwaka 1978, yapita katika bomba toka Mombasa hata Nairobi, na bomba halina dereva wala gadi.

Ikaja reli mpya, SGR: abiria mwaka 2017, mizigo mwaka 2018, na mwaka 2019 ikapita upande wa Ngong mpaka Suswa. Mwaka huo huo serikali iliamuru mizigo ipande reli. Wenzetu wa malori wakalia, na watu wa Mombasa nao. Mwaka 2022 kazi ya kutoa mizigo ikarudishwa Mombasa. Baadhi yetu tulicheka walipokuwa wakilia. Tulikosa, ndugu zangu. Amri iliyompa mmoja mkate ilimnyang'anya mwenzake, hata mama muuza chai wa Mtito Andei.

Mimi sisemi tuvunje mashine. Nasema tuulize kabla haijafungwa: nani ataiendesha, nani atafundishwa, kwa mshahara gani? Na majibu yaandikwe. Mahali fulani nilipofanya kazi zamani, mtambo uliletwa Jumatatu na barua za kuachishwa zikaja Ijumaa. Hatukujua hata jina la mtambo wenyewe. Wala hatukujua ya kuwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri akipunguza watu akiarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja mbele, tena alipe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tulichukua tulichopewa, tukasema asante.

Kwa hiyo naiomba kamati mambo haya. Kifungu hicho kipigwe chapa kwa Kiswahili, kibandikwe kila shedi. Tena tuwaalike madereva wa malori mkutano ujao, ingawa najua wengine mtanung'unika. Na wote wanaotaka kujifunza kazi ya mitambo, saa za jioni, waandike majina katika daftari hii, ili katibu aende nayo kwa mwajiri. Jina la kwanza ni langu. Kalamu ipo mezani.