Leseni ya Kuuza Chakula na Faida Yake

Mtu aingiapo hotelini na kuagiza ugali kwa nyama, hawezi kwenda jikoni kukagua sufuria, wala hawezi kumwuliza mpishi habari za afya yake. Hula kwa kuamini. Leseni ya chakula imewekwa ili imani hiyo isiwe bure.

Watu wengi hudhani kwamba leseni ni njia ya kutoza fedha tu. Sivyo. Homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na mwenye kubeba vijidudu huweza kuonekana mzima kabisa. Mfano ujulikanao sana ni wa Mary Mallon, mpishi katika New York, Marekani. Mwaka 1907 iligunduliwa kwamba yeye, ambaye hakuumwa na kitu, ndiye aliyewaambukiza homa ya matumbo watu wa nyumba alizopikia. Aliachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Lakini mwaka 1915 alikutwa akipika katika hospitali ya wazazi, na watu wengine walikuwa wamekwisha ugua.

Kwa kuzuia mambo ya namna hiyo, Kenya ina sheria ya chakula ya mwaka 1965 na kanuni za usafi wa chakula za mwaka 1978, ambazo hutaka mahali pa kutengenezea na kuuzia chakula pawe na leseni. Kwa Katiba ya mwaka 2010, kazi ya kutoa leseni hizo ni ya serikali za kaunti.

Mwenye kutaka leseni yampasa kufuata njia hii. Kwanza, atafute mahali penye maji safi, choo, nafasi ya kunawia mikono, hewa ya kutosha, na sakafu iwezayo kuoshwa. Ni busara kumwomba Bwana Afya ashauri kabla ya kulipa kodi ya chumba, maana wengine hulipa kwanza, kisha huambiwa chumba hakifai. Pili, apeleke maombi yake katika ofisi ya afya ya kaunti, alipe ada iliyowekwa na kupewa risiti. Tatu, Bwana Afya atakuja kukagua. Akiona kasoro, atazieleza ili zitengenezwe. Nne, kila mwenye kugusa chakula, hata yule wa kuosha vyombo, apimwe na daktari na kupata cheti cha afya. Upimaji huo hurudiwa kila miezi 6.

Hata hivyo, karatasi iliyotundikwa ukutani haiui vijidudu. Mpishi akipatwa na kuhara, yafaa aondoke jikoni siku ile ile hata kama cheti chake hakijakwisha muda, wala asirudi mpaka apone kabisa. Mwenye hoteli asimkate mshahara kwa kusema kweli, kwani mpishi aogopaye kupoteza mshahara ataficha ugonjwa wake, na watakaoumia ni wateja.