Kisu cha zamani hakipelekwi kwenye mashine

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kikula, Likasi. Yameandikwa kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)



Mmeniomba niseme juu ya visu vya kukunja, kwa sababu sanduku letu limekopesha vijana sita makuta ya kununua visu vilivyotumika, wavitengeneze, kisha wauzishe. Wafadhili watanisamehe lugha: kwetu Katanga mtu akisema "kuuza" anataka kusema kununua, na kuuza kwenyewe tunaita "kuuzisha". Nitajaribu kuandika vizuri, lakini mdomo ni mdomo.

Najua kuna wanaonung'unika. Mama mmoja aliniambia pale mlangoni, "Hii iko muchezo ya batoto, si kazi." Na mfadhili mmoja aliuliza kwa nini msaada wa watu waliorudi uende kwenye visu. Nitawajibu wote wawili. Ila kwanza niungame.

Baba yangu alikuwa na Okapi. Wengi hapa mnaijua: mpini wa mbao, alama za nyota na mwezi za shaba, pete nyuma ambayo unaivuta ndipo kisu kifungwe, na ile sauti yake, kra-kra-kra. Jina ni la mnyama wetu, ambaye porini hapatikani ila Kongo, lakini kisu kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzishwa Afrika. Tangu 1988 kinatoka Afrika Kusini. Sisi tulitoa jina tu!

Desemba 2000 vita ilipofika Pweto tulivuka kuingia Zambia. Mama alibeba sufuria na blanketi, baba alikuwa na kisu mfukoni. Katika kambi ya Kala kisu kile kilikata kamba za hema, miti ya nyumba, samaki, kucha zetu, na penseli zangu za masomo. Mwaka 2007 safari za kurudi zilipoanza, kilirudi katika mfuko uleule. Nilipomaliza chuo baba akanipa. Kilikuwa na kutu, ncha imepinda kidogo. Mimi, mtu wa diploma, nikaona aibu ya kutu. Nikakipeleka kwa kijana mwenye mashine ya jiwe la kuzunguka. Cheche zikaruka, dakika mbili kikang'aa kama kipya. Pembeni ya makali nikaona rangi ya buluu, nikafikiri ni uzuri.

Baada ya wiki hakikukata hata nyanya. Nanoa, kinakata asubuhi, jioni makali yamelala. Nikamwendea mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika ateliers za Panda, za Gécamines. Akatazama ile buluu, akasema, "Mwanangu, kisu umekipika."

Ndiyo maneno niliyokuja kuwaletea leo. Chuma cha kisu kinachomwa kiwandani, kinapozwa kwa ghafula ili kiwe kigumu, halafu kinapashwa tena kidogo ili kisivunjike kama glasi. Ugumu ule ndio mnaoununua. Makali ni membamba, kwa hiyo kwenye mashine yanapata moto haraka kuliko chuma kingine chote. Yakifika rangi ya buluu, yaani karibu digrii 300, ugumu umetoka, na maji hayaurudishi. Ukitoa sehemu yote iliyoungua, kisu kinabaki sindano.

Kwa hiyo vijana wetu wanafanya kwa mkono. Kutu kidogo: majivu laini, kitambaa chenye maji, sugua. Kutu nyingi: siki au ndimu, lakini simama pale uangalie, usilale, maana ikikaa sana inakula chuma pia. Suuza, kausha kabisa, tia tone la mafuta ya mashine ya kushona kwenye kiungo. Msitie mawese, jamani! Yanaganda na kushika vumbi. Kunoa ni jiwe na maji, upande huu na upande ule kwa mlalo mmoja, bila haraka.

Wakati wa kununua, fungua kisu na kukitikisa. Kikicheza kulia na kushoto, bei ishuke au ukiache. Angalia kama makali yamekwisha kuliwa: kisu kilichonolewa miaka ishirini kina tumbo jembamba, hata kama mpini ni mzuri. Opinel ya Ufaransa utaiona kwa mkono wenye taji uliopigwa kwenye chuma. Wakati wa mvua mbao yake inavimba na kisu kinagoma kufunguka. Hakijaharibika: gonga kitako cha mpini juu ya meza, chuma kinachungulia. Kijana wetu mmoja alinunua cha namna hiyo kwa bei ya chakavu, kwa sababu mwenyewe alifikiri kimekufa. Victorinox, ile nyekundu yenye msalaba, mara nyingi imejaa tu uchafu wa mfukoni. Maji ya moto kidogo, sabuni, mswaki wa zamani, na chemchemi zinarudi. Zile zenye koleo, kama Leatherman, mtazame kwanza midomo ya koleo kama inakutana, ndipo muulize bei.

Hapa Likasi vitu hivi vipo. Miaka ya 2003 na 2004 zaidi ya watu 10,000 walitoka Gécamines kwa ule mpango wa "départ volontaire", na wengi walibaki na sanduku la vyombo nyumbani. Watoto wao leo wanaviuzisha kwa kilo.

Sasa jambo zito. Mnamjua kijana wetu aliyekamatwa na visu kumi na kimoja katika mfuko. Alikuwa amevinunua kihalali kwa mjane. Hakuwa na karatasi. Walimwita mgeni, mwizi, mtu wa pori. Alilala ndani siku mbili, na visu havikurudi. Sitataja ofisi. Lakini makuta yale yalikuwa ya sanduku, na jina lililochafuka ni letu sote tuliorudi. Kwa hiyo naomba mkutano ukubali: hakuna mkopo bila daftari, na ndani yake jina la aliyeuzisha, sahihi yake, aina ya kisu, tarehe. Mwenye kubeba abebe nakala. Na mtoto hauzishiwi, hata akija na makuta.

Mfadhili aliuliza pia kwa nini visu vingine tunaviweka katika kopo la maziwa bila kuviuzisha. Viko tisa. Vijana wanajifunzia humo: hiki ni cha kweli, hiki ni cha bandia, hiki pete imechoka. Na viwili vililetwa na wazee ambao havina bei kwao, kwa sababu vilivuka mpaka nao mara mbili. Sanduku halikulipa kitu kwa hivyo. Kwa mama wa mlangoni: mkopo wa kijana wa kwanza umekwisha kurudi wote, uliza mweka hazina.

Okapi ya baba imo katika kopo. Imeandikwa ya kwanza: "Imeungua. Haiuzishwi." Baba aliposikia alicheka, kisha akaniomba nimtafutie nyingine. Bado natafuta, na ya dukani hataki.

Daftari iko kwa katibu. Wenye visu vya kutengeneza wavilete Jumamosi asubuhi, vimefungwa ndani ya kitambaa.