Fahali Wawili Katika Zizi la Roma

(Hotuba kwa wanachama)



Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Leo nataka kuwaeleza habari za watu wa kale, Warumi, ambao waliwatia fahali wawili katika zizi moja kwa makusudi.

Hapo kwanza Roma ilitawaliwa na wafalme. Mapokeo yao yasema ya kuwa mwaka 509 kabla ya Kristo walimfukuza Tarquinius, mfalme wa mwisho, kwa sababu ya jeuri yake. Lakini walifahamu jambo moja kubwa: kumfukuza mfalme si kuufukuza ufalme. Kiti kikibaki vile vile, atakayekikalia kesho atakuwa yule yule wa jana. Basi badala ya mtu mmoja wa maisha, wakachagua wakubwa wawili wa mwaka mmoja tu. Hao waliitwa makonsuli.

Kazi yao ilikuwa nzito. Waliongoza majeshi vitani. Waliita Baraza la Wazee, yaani Seneti, wakawa wenyeviti wake. Waliita mikutano ya raia, wakapeleka sheria mbele yake na kusimamia uchaguzi wa wale watakaowafuata. Hata mwaka wenyewe uliitwa kwa majina yao.

Sasa tazameni kamba walizofungwa. Kwanza, nguvu zao zilikuwa sawasawa; mmoja akitaka jambo, mwenzake aliweza kulikataza. Pili, mwaka ukiisha konsuli alivua cheo, akaapa mbele ya watu ya kuwa amezishika sheria. Tangu hapo aliweza kushtakiwa kama mtu mwingine yeyote. Tatu, kila konsuli alitanguliwa na matarishi 12 waliobeba fimbo zilizofungwa pamoja na shoka, alama ya kupiga na kuua. Lakini ndani ya mji shoka liliondolewa, kwa kuwa raia aliyehukumiwa kufa alikuwa na haki ya kuwalilia raia wenzake.

Ndugu zangu, sitaki kuwapamba Warumi. Wanawake na watumwa hawakupiga kura. Raia walipiga kura kwa mafungu 193: matajiri walikuwa na mafungu mengi, na wasio na mali wote walisongamana katika fungu moja. Watu wa kawaida hawakupewa haki kwa hisani. Yasemwa kuwa mwaka 494 kabla ya Kristo waliuacha mji, wakaenda kukaa mlimani, wakakataa kupigana vita, mpaka wakakubaliwa kuwa na watetezi wao. Njia ya kuwa konsuli walifunguliwa kwa sheria ya mwaka 367. Hesabuni wenyewe: ni miaka 127.

Je, ngome hiyo ilivunjwaje? Haikuvunjwa na adui kutoka nje. Mwaka 59 kabla ya Kristo makonsuli walikuwa Julius Caesar na Bibulus. Bibulus alipojaribu kumkataza mwenzake, wafuasi wa Caesar walimshambulia hadharani, wakavunja fimbo za matarishi wake. Akajifungia nyumbani. Watu wa mjini wakafanya mzaha, wakasema mwaka huu makonsuli ni Julius na Caesar! Wakacheka. Sheria ya makonsuli wawili ilikuwapo vile vile, lakini fahali alikuwa amebaki mmoja. Mwaka 44 Caesar huyo alifanywa mtawala wa maisha, na mwaka huo huo akauawa. Wauaji wake walidhani wamerudisha mambo ya zamani, kumbe ni vita tu walivyoleta. Toka mwaka 27 Augustus alishika nguvu zote. Makonsuli waliendelea kuwekwa kwa mamia ya miaka, wakiwa na jina na joho, pasipo nguvu.

Mimi nadhani Roma haikupotea siku ile Caesar alipofanywa mtawala wa maisha. Ilipotea siku ile watu walipocheka. Sheria ni ua wa miiba: huzuia mnyama, lakini haujirudishii miiba iliyong'olewa. Mwenye shamba akiona upenyo akacheka, asimlaumu mnyama.