MTEREMKO WA MBALIZI: TUSIMSINGIZIE MUNGU

Haya ni maneno aliyoyasema mzee mmoja, dereva wa zamani wa malori, mbele ya mkutano wa wanachama na wananchi uliofanyika Mbalizi, Mbeya.



Mimi si mzoefu wa kuhutubia. Kazi yangu tangu ujana ilikuwa usukani, na maneno yangu ni ya barabarani. Nimeombwa niseme juu ya mteremko huu wetu wa kutoka Iwambi kuja Mbalizi. Kila aliyeketi hapa ameupita, na wengi wenu mwaupita mara mbili kwa siku, asubuhi kwenda mjini kutafuta riziki na jioni kurudi kwa watoto.

Vijana hawajui barabara hii ilitokana na nini, basi niwakumbushe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia utawala wao wenyewe ili waendelee kuwakandamiza Waafrika. Zambia ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia, na mafuta yake yalipitia huko kusini. Njia ile ikafungwa, nasi Watanzania tukasema ndugu zetu hawatakosa mafuta. Mapipa yakapakiwa Dar es Salaam juu ya malori, yakapita Kitonga na Mbeya mpaka mpakani. Mimi niliingia kazi hiyo mwaka 1967 nikiwa utingo. Barabara ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha tulilala tumekwama siku tatu. Wageni waliiita barabara ya jehanamu, na jina hilo halikuwa la uongo. Baadaye likaja bomba la mafuta, mwaka 1968, kisha lami, kisha reli ya TAZARA yenye kilometa 1,860. Barabara hii basi ni matunda ya udugu. Je, yafaa matunda ya udugu yawe kaburi la wananchi?

Nasema kaburi kwa sababu mwayajua yaliyotokea. Tarehe 1 Julai 2018 lori liliyapiga magari ya abiria katika mteremko huu, na watu 20 wakafa. Tarehe 7 Juni 2025 lori jingine likashindwa breki, likayapiga magari mengine, na watu 28 wakafa. Wengi wao hawakuwa wasafiri wa mbali. Walikuwa watu kama ninyi, walikuwa wanakwenda nyumbani.

Na kila mara, ndugu zangu, tulipokaa msibani tulisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni kweli, haina. Lakini kazi ya binadamu ina makosa mengi, na si adabu kumsingizia Mungu makosa yetu.

Hebu niwaeleze jinsi breki zinavyokufa, maana wengi hudhani breki hukatika ghafula kama kamba. Sivyo. Breki ni msuguano, na msuguano ni moto. Mji wa Mbeya umekaa juu kiasi cha meta 1,700, na kutoka Iwambi gari lateremka tu. Dereva akikanyaga breki njia nzima, madramu hupata moto, yakapanuka, na breki zikaanza kuteleza. Atakanyaga zaidi, zitateleza zaidi. Mwenye lori la breki za upepo akipigapiga kanyagio humaliza upepo kabla mashine haijajaza mwingine. Hapo utanusa harufu ya kuungua. Harufu hiyo ndiyo onyo la mwisho.

Tena kuna jambo la mwendo. Gari likienda mara mbili ya mwendo wa kwanza, nguvu ya kulizuia yatakiwa mara nne, si mara mbili. Na uzito nao huzidisha kazi ya breki. Sheria ya Afrika Mashariki yaruhusu lori kubwa kabisa, lenye ekseli 7, kufika tani 56 pamoja na mzigo wake. Fikirini tani 56 zinazokuja nyuma ya Hiace iliyosimama kupakia abiria mmoja katikati ya mteremko.

Dawa yake yajulikana tangu zamani. Dereva aingize gia nzito akiwa bado juu, kabla ya kuanza kushuka, ili injini ndiyo ilishike gari, na breki ziguswe kidogo kidogo tu. Sisi tulifundishwa kwamba gia ya kupandia mlima ndiyo ya kushukia. Lakini wako madereva wanaoachia gari frii ili kubana mafuta. Huyo hana tena injini. Ameweka roho zote juu ya breki peke yake, na asipoweza kuirudisha gia, hana la kufanya.

Sasa nitasema jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Mwaka 1981 nilikuwa dereva wa tajiri mmoja, sitamtaja. Breki za lori langu zilikuwa zimelika. Nilimwambia. Akanijibu, "Peleka mzigo huu kwanza, ukirudi tutatengeneza." Nilikuwa na mke na watoto wanne, nikaogopa kufukuzwa, nikaondoka. Katika mteremko huu huu, asubuhi yenye ukungu, kanyagio likaenda chini bila kushika. Mbele yangu palikuwa na watu wanakwenda sokoni. Nikaligeuza lori nikaligonga kwenye ukingo wa mlima. Wale wa sokoni walipona, lakini utingo wangu, kijana wa miaka 19, alikatwa mguu.

Watu walinisifu kwa kuwaokoa wale wa sokoni. Tajiri alisema ni ajali, nami nikasema ni ajali. Lakini haikuwa ajali, maana tulijua wawili sisi tangu jana yake. Tajiri alijua akapenda fedha, mimi nilijua nikapenda kazi yangu, na aliyelipa ni kijana ambaye hakuulizwa. Kila nimwonapo na gongo lake hunisalimu kwa heshima, "Shikamoo mzee," nami huona haya.

Kwa hiyo nasema nanyi kila kundi peke yake.

Ninyi wenye magari: dereva akikuambia breki hazifai, usimwambie akirudi. Huenda asirudi. Faida inayopatikana kwa kumpakia mwenzako hatari ni unyonyaji, hata ikiwa mwenye gari ni Mwafrika mwenzetu.

Ninyi madereva wenzangu: jifunzeni kukataa. Mimi sikukataa, na nimelibeba hilo zaidi ya miaka 40. Tena msikatae mmoja mmoja, maana mmoja hufukuzwa. Kataeni pamoja kupitia chama chenu cha wafanyakazi. Nanyi wa Hiace na bajaji, msilipite lori kwenye kona, wala msisimame mteremkoni kuokota abiria wa shilingi chache.

Ninyi abiria: acheni kumwambia dereva, "Kanyaga, tumechelewa." Akienda mbio mnamsifu, na akienda pole mnamtukana. Mkiona gari limejaa, shukeni. Mkisikia harufu ya breki, pigeni kelele. Nauli mliyolipa haikununua ukimya wenu.

Na kwa Serikali yetu nasema kwa heshima. Tumeiona kazi ya kuitanua barabara hii iwe ya njia nne toka Nsalaga hadi Ifisi, kilometa 29, nasi twaishukuru. Lakini upana peke yake haupoozi breki. Twaomba kila lori lisimamishwe juu ya mlima, breki ziguswe na kukaguliwa, na dereva aingize gia nzito kabla ya kuruhusiwa kushuka. Twaomba ichimbwe njia ya pembeni inayopanda, iliyojazwa kokoto nyingi zilizolegea, ili lori lililoshindwa lipate mahali pa kukimbilia pasipo watu. Nchi nyingi zenye milima zinazo njia kama hizo. Na mizigo mizito irudi relini. Mwaka 2025 ulitiwa sahihi mkataba wa kuifufua TAZARA. Usiachwe ukalala makabatini, maana kila behewa linalopita ni malori yaliyopungua mlimani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba tusitawanyike leo kwa makofi tu. Tuchague kamati ya watu watano, wakiwamo dereva mmoja na mama mmoja wa sokoni, waende kwa wakubwa wa mkoa na maombi haya mawili: ukaguzi wa juu ya mlima, na njia ya kokoto. Na warudi hapa baada ya mwezi mmoja watueleze wamejibiwa nini. Wakijibiwa ovyo, tuwatume tena.

Ndugu zetu wa zamani waliipita njia hii ikiwa tope tupu, kwa ajili ya uhuru wa jirani. Haitakuwa kazi kubwa kwetu kuifanya iwe salama kwa watoto wetu wenyewe.