Moyo Unapokimbia na Hakuna Anayetufukuza



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mashamba wala ng'ombe. Tunataka kuzungumza juu ya jambo linalotokea ndani ya mwili wa mtu mmoja, lakini linaweza kuvunja amani ya kambi nzima. Jambo hilo ni hofu ya ghafla.

Wote tunajua tulikotoka. Mwaka 2018 na miaka iliyofuata, vijiji vingi vya Bijombo vilichomwa moto. Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu, Babembe, Bavira: kila jamii ililia watu wake. Wengi walijenga vibanda karibu na kambi ya askari wa MONUSCO, wengine waliteremka mpaka Uvira. Askari hao walifunga kazi yao katika Kivu Kusini mwaka 2024. Mwili uliokimbia mara nyingi hujifunza kukimbia hata pasipo adui. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa fulani wa akili, mkubwa au mdogo. Kwa hiyo mwenye shida hii hayuko peke yake.

Tutoe mfano

Mama mmoja anatoka sokoni. Amenunua ndagala kwa mwanamke wa jamii nyingine, na wamekula pamoja kidogo. Njiani moyo wake unaanza kupiga mbio. Kifua kinabana, jasho linatoka, vidole vinakufa ganzi, miguu inatetemeka. Analia, "Ninakufa!" Jirani anamwuliza, "Umekula kwa nani?" Neno karuho linatajwa. Kabla ya jua kuzama, vijana wameanza kuulizana nyumba ya yule muuzaji iko wapi.

Baada ya nusu saa mama amekaa, ameomba maji, anaona haya. Mwili umetulia. Lakini jina la mtu limekwisha kuharibika, na pengine damu itamwagika. Ndiyo sababu tunasema kwamba kuijua hofu hii ni kazi ya amani.

Hofu ya ghafla ni nini?

Mungu ameweka kengele ndani ya mwili. Ukikutana na hatari, kengele inalia: moyo unasukuma damu kwa nguvu, pumzi inakwenda haraka, ili uweze kukimbia au kupigana. Kwa mtu aliyeteseka, kengele inaweza kulia bila hatari yoyote, au kwa sababu ya radi au mlango uliogongwa usiku. Akipumua haraka mno, anapata kizunguzungu na ganzi, naye anaogopa zaidi. Mara nyingi hofu inapanda mpaka juu kabisa ndani ya dakika 10, kisha inashuka. Inatisha sana, lakini yenyewe haiui.

Ikitokea mara moja, si ugonjwa. Ikirudi mara kwa mara bila sababu, na kwa mwezi mzima au zaidi mtu akaishi akiogopa itarudi, akaacha kwenda sokoni, kanisani au shambani, hapo tunauita ugonjwa wa hofu ya ghafla. Si woga, si uchawi, si dhambi. Unatibika.

Usikisie, mpeleke kituo cha afya

Magonjwa mengine yanafanana nayo. Akishikwa kwa mara ya kwanza, mganga ampime. Mpelekeni upesi ikiwa:
- ana homa, anatapika au anahara;
- amezimia, amejikaza mwili au ameuma ulimi;
- maumivu ya kifua hayaishi, au yanaenda kwenye mkono au taya;
- ana mimba au amejifungua karibuni;
- alikuwa amefunga nyumba yenye moto wa makaa. Huyo mtoeni nje kwanza, apate hewa.

Na kama kweli mtu amekula kitu kibaya, anayeweza kumsaidia ni mganga. Kumtafuta wa kulaumiwa hakumponyi mgonjwa.

Namna ya kumsaidia

Watu wasimzunguke. Mmoja anayemwamini akae naye, aseme kwa sauti ya chini: "Niko hapa. Ni hofu, itapita." Msimwambie, "Acha woga." Msimfunge kamba, msimpige, msimnyime chakula. Mkiomba naye, ombeni polepole, bila kelele.

Aweke nyayo chini, azisikie zimegusa udongo. Avute pumzi kwa pua akihesabu mpaka 3, aitoe taratibu akihesabu mpaka 5. Arudie kwa dakika chache. Ataje vitu vitano anavyoviona: sufuria, mti, mtoto. Kama mahali ni salama, asikimbie. Abaki mpaka hofu ishuke. Hivyo mwili unajifunza kwamba hakuna hatari.

Siku zinazofuata, arudi kidogo kidogo mahali anapopaogopa. Leo afike njia panda pamoja na dada yake, kesho mlangoni mwa soko, baadaye aingie. Apunguze kahawa. Lutuku na kanyanga vinatuliza jioni moja, kisha vinaongeza hofu. Vidonge vya diazepamu vinavyouzwa ovyo vinamfanya mtu awe mtumwa wake. Mganga anaweza kumpa dawa nyingine, ambayo inachukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia. Asiiache ghafla bila kumwuliza. Ugonjwa ukizidi, mganga aulizwe juu ya kumpeleka kwa wanaotibu akili, kama hospitali ya Sosame huko Bukavu.

Kwa viongozi

Tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, mtu akishikwa ghafla, asitajwe jina la mtu yeyote wala la jamii yoyote kabla mganga hajasema neno.

Pili, mchague watu wawili au watatu kutoka jamii mbalimbali wa kuhakikisha habari za usiku. Kilio cha mtu mmoja kinaweza kukimbiza kambi nzima gizani, na watoto wakapotea. Kama hatari ni ya kweli, watu hao watasema. Kama ni hofu, watasema pia.

Tatu, ninyi wenyewe mkubali kusema, "Hata mimi moyo wangu ulikimbia." Kijana akisikia hivyo kwa mzee, hataficha shida yake.

Rudini nyumbani mzungumze: katika familia yetu, nani ameacha kwenda sokoni, na kwa nini? Anzeni na huyo.