UBONGO NA MAZOEZI YA MWILI
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Limeletwa mbele yenu shauri la kuondoa fungu la fedha za kiwanja cha michezo na kulitia katika karo za watoto, kwa kuwa, wasema baadhi yetu, mpira ni kazi ya miguu na elimu ni kazi ya kichwa. Twaomba ruhusa kuonyesha kwamba viwili hivi havitengani.

Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia kadiri ya sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote tuitumiayo. Oksijeni hiyo huchukuliwa na damu, na damu husukumwa na moyo. Basi mwenye kuulegeza moyo wake kwa kukaa kitini mwaka hata mwaka, auonea na ubongo pia.

Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80. Nusu yao walitembea kwa bidii dakika 40, mara 3 kwa juma, muda wa mwaka mmoja. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu ilikua kadiri ya 2 katika 100 kwa wale waliotembea. Kwa wenzao ilipungua.

Ubongo nao huutawala mwili. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba watu waliofanya kazi nzito ya fikira kwa dakika 90, kisha wakapanda baiskeli ya majaribio, walishindwa mapema kuliko siku waliyopumzisha akili, ijapokuwa moyo na mapafu yao hayakuwa na upungufu. Basi kijana aliyeshinda vitabuni tusimwite mvivu akichoka upesi kiwanjani.

Tunao wenzetu waliokuwa wakizijua hesabu zote za chama kwa moyo, na leo wasahau majina ya wajukuu wao. Hatusemi kwamba kutembea kungaliwaponya, maana maradhi hayo yana sababu nyingi. Twasema tu kwamba kinga iliyo karibu nasi tusiiuze.

Kwa hiyo twaomba fungu la kiwanja libaki, na kila asubuhi lango lifunguliwe mapema kwa ajili ya wazee wapendao kutembea. Uamuzi ni wenu.